Tunalinganisha huduma za Kenya na Tanzania, au tunalinganisha magazeti?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ubishi wa "Kenya wametuacha mbali" na mwenzake "Kenya imeoza, shukuruni mlizaliwa huku" nimeusoma miaka nenda miaka rudi, na kila upande huja na vipande vya magazeti. Mimi ni wakala wa forodha hapa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Redio ya ofisini inashika stesheni za huku na za kule, mezani kuna magazeti ya Nairobi na ya Dar. Ukiyasoma yote kwa pamoja muda mrefu unaanza kuona kwamba mara nyingi tunachogombea si huduma yenyewe. Tunagombea namna ilivyoandikwa.

Tuanze na treni, maana ndiyo inayotutoa povu.

Wakenya walizindua ya kwao tarehe 31 Mei 2017, Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, injini za dizeli, fedha nyingi zikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. Tangu siku hiyo hawajanyamaza. Wameandika gharama, wameandika wafanyabiashara wa Mombasa waliolalamika kwamba makontena yanalazimishwa kupanda treni, wameandika reli kuishia karibu na Naivasha badala ya kufika Malaba, mpakani na Uganda. Juni 2020 Mahakama yao ya Rufani ikasema sheria ya manunuzi haikufuatwa. Wanaharakati wakaenda Mahakama Kuu kule Mombasa kudai mikataba, na Novemba 2022 Waziri Kipchumba Murkomen akatoa sehemu yake hadharani. Mtanzania akisoma yote hayo anahitimisha: reli ya wizi.

Ya kwetu inatumia umeme, inakwenda kilomita 160 kwa saa, na tuseme haki, ni treni nzuri. Abiria wa kwanza wa Dar hadi Morogoro walipanda 14 Juni 2024, Dodoma ikafuata 25 Julai, Rais Samia akaizindua rasmi 1 Agosti. Lakini jiwe la msingi la kipande cha Morogoro liliwekwa Aprili 2017 na tukaahidiwa miezi 30. Piga hesabu mwenyewe. Miaka yote ile tulikuwa tunaandikiwa asilimia tu, ujenzi umefikia hii, mwezi ujao umefikia ile, na hata ilipobaki sehemu ndogo ya mwisho asilimia zikawa zinasogea kwa nukta. Nani aliuliza kila baada ya miezi sita kwa nini tarehe imeruka, na kuchelewa huko nani analipia? Na mkataba wa Yapı Merkezi, mkandarasi Mturuki, kuna Mtanzania wa kawaida aliyewahi kuufungua? Mimi sijakutana naye.

Halafu treni ikakwama njiani siku za mwanzo, TRC, shirika letu la reli, ikataja ngedere na bundi katika sababu za hitilafu ya umeme. Tukacheka. Vikatuni vikasambaa kila kona. Swali la kihandisi, kwamba mfumo umekingwaje hadi bundi mmoja auzime, likafia humo humo kwenye kicheko.

Sasa nauli. Wenzetu daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,000 za kwao, Januari 2024 likapanda hadi 1,500. Sisi Dar hadi Dodoma treni ya kawaida ilianza kwa 31,000. Badilisha fedha: ni kama bei moja, na umbali nao haupishani sana. Muda wa safari ndipo tunapowazidi. Ulinganisho wa maana wa huduma ungeanzia hapo, mtu na tiketi yake. Nimeutafuta gazetini sijauona. Nilichokuta ni "nani kampiku nani".

Mwendokasi nayo. Dar ilianza kubeba abiria Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Mwaka huo huo Nairobi walichora mstari mwekundu kwenye barabara ya Thika, wakasema hiyo ndiyo njia ya mabasi ya haraka. Basi lenyewe halikuja. Wakenya walijicheka wao wenyewe vizuri mno, na kila mara Dar ikatolewa mfano. Mwandishi wa Nairobi akija Dar anapanda basi saa sita mchana, anakaa kwenye kiti, anapiga picha, anarudi kwao kuandika kwamba tumefika. Angekuja Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Au angekuja msimu wa masika, Jangwani imejaa maji na njia imefungwa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha madaktari.

Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma Kenya waligoma. Mgomo ukachukua siku 100, ukaisha Machi 2017. Mwezi huo huo ujumbe wa serikali ya Kenya ukafika Ikulu Dar es Salaam, na Rais Magufuli akakubali kuwapa madaktari 500. Huku kwetu ilipokelewa kwa kifua mbele: jirani kakwama, sisi tunamwokoa. Kule Nairobi madaktari wao wakauliza inakuwaje mnaagiza watu nje wakati sisi tumemaliza chuo na tuko nyumbani. Wakaenda mahakamani, mpango ukazuiwa. Aprili Magufuli akaamuru madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe hapa hapa nchini.

Sasa tulia uangalie. Tanzania ina upungufu wa madaktari, kila hotuba ya bajeti ya Wizara ya Afya inasema hivyo. Ilipataje 500 wa kugawa? Jibu ni kwamba walikuwepo mtaani, wamesoma, hawajaajiriwa. Kenya nako hivyo hivyo: wodi hazina watu na watu wapo nyumbani na vyeti vyao. Nchi mbili zenye ugonjwa mmoja, hospitali zinakosa madaktari na madaktari wanakosa hospitali, kwa sababu fungu la mishahara halikupanuka. Hiyo ndiyo ilikuwa habari. Badala yake tukapewa Magufuli kamwokoa Uhuru, au Uhuru kawasaliti madaktari wake.

Karibuni. Matusi ya vyama mkayaweke kwenye nyuzi nyingine.


#2

Uzi mrefu kama foleni ya vitambulisho NIDA lakini nimefika mwisho. Swali: wewe uko mpakani, mtoto akiugua usiku unampeleka upande gani?


#3 Mleta uzi

Mkuu, inategemea saa na mfukoni kuna nini. Watu wa hapa hawaulizi uraia wa dawa. Upande wenye mtu wa zamu ndio upande wenyewe.


#4

Nawajibu kama jirani, mimi ni mtu wa Kajiado.

Ati mkisoma magazeti yetu mnadhani nchi imeanguka. Haijaanguka. Ni vile kwetu kila mtu ana mdomo na kila mdomo una maikrofoni. Nyinyi mna TAMISEMI moja, wizara ya serikali za mitaa, sisi tuna kaunti 47 tangu 2013, na afya iko kwa kaunti. Kwa hivyo gavana akikosa kununua dawa, seneta anayetaka kiti chake atahakikisha kamera zimefika hospitali kabla ya jioni. Gavana naye atasema ni Hazina ya Kitaifa ndiyo imechelewesha pesa. Wanapigana, wewe raia unapata kujua mambo mengi sana bila wao kukusudia. Kamati za Seneti zinawahoji magavana live. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikisema kaunti fulani ilinunua kitu kwa bei ya ajabu, tunaona gavana akitoa jasho kwa TV.

Lakini msitupigie makofi haraka. Hizo kelele hazinunui dawa. Angalia SHA, bima yetu mpya ya afya. Tarehe 1 Oktoba 2024 ilichukua nafasi ya NHIF, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na payslip anaulizwa maswali ya nyumba yake imejengwa na nini ndipo akadiriwe. Nimesoma kuhusu hiyo SHA mpaka nikachoka. Bado mgonjwa anafika hospitali anaambiwa mtandao uko chini, lipa cash. Habari inakaa siku mbili, ya tatu siasa za 2027 zinaifunika.

Halafu kitu hamkioni kutoka huko: kelele zetu ni za Nairobi. Stima ikipotea Westlands ni breaking news. Ile siku ya Agosti 2023 giza lilipoingia nchi nzima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA, Waziri aliomba msamaha. Turkana mtu anaweza kukaa gizani maisha yake yote bila waziri yeyote kumwomba msamaha.


#5

Mimi ni mwandishi wa habari mkoani Tanzania, wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka. Mleta uzi umesema kweli ila umetuonea kidogo.

Chukua ziara ya kiongozi. Gari la waandishi lipo, chakula kipo, mtu wa kunukuu yupo, na habari ina uhakika wa kutoka. Sasa chukua zahanati isiyo na dawa. Nauli ni yangu. Muuguzi anaogopa. Mganga mkuu wa wilaya hasemi bila ruhusa ya mkurugenzi. Mkurugenzi ananiambia nimwone afisa habari. Afisa habari ananitumia picha za uzinduzi wa jengo. Siku imekwisha, sina habari na sina nauli ya kurudi. Ndiyo maana mnasoma amesema, ameagiza, ametoa siku saba. Siku ya nane hakuna anayerudi kuangalia, maana kurudi hakuna anayekulipia.

Na kuna sheria. Kwa miaka mingi Mwananchi Communications, yenye Mwananchi na The Citizen, imekuwa mali ya Nation Media Group ya Nairobi. Nyumba moja hiyo. Waandishi wa nyumba hiyo kule wanaandika kitu, wa huku wanafikiria mara tatu. Si uoga wa kuzaliwa nao. Aprili 2020 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliisimamisha leseni ya mtandaoni ya Mwananchi miezi sita kwa picha ya Rais. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni hiyo zikasimamishwa siku 30 baada ya katuni ya video kuhusu watu waliopotea. Mhariri akikumbuka hayo, zahanati yako ataipa aya nne ukurasa wa 12.

Bunge nalo, Januari 2016 TBC, televisheni ya taifa, iliacha kulirusha moja kwa moja kama zamani, tukaambiwa ni gharama. Kamati zetu za hesabu za serikali, PAC na LAAC, zinafanya kazi, na nyingine kali kweli, lakini wewe unaipata kwa muhtasari. Yule jirani wa Kajiado anaona jasho. Sisi tunasimuliwa kwamba lilitoka.

Mwezi wetu ni Aprili. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, inaingia bungeni, na hapo kwa wiki chache unaona magazeti ya Tanzania yakifanya kazi sawasawa, kurasa mbili mbili, hospitali kwa hospitali, halmashauri kwa halmashauri. Kisha bajeti za wizara zinaimeza. Kama mtu angetaka kulinganisha vyombo vya nchi hizi mbili kwa haki, alinganishe Aprili yetu na mwezi wowote wa Kenya. Tofauti ingepungua sana.


#6

Wote mnajidharau. Mbona hamtaji tulipowashinda? Vifo vya wajawazito: 2015/16 vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, utafiti wa 2022 ukakuta 104. Kenya sensa yao ya 2019 ilitoa 355. Rais wetu amepewa tuzo na Gates Foundation kwa hilo, Februari 2025. Huo nao ni ujanja wa magazeti?


#7 Mleta uzi

Mkuu #6, umegusa penyewe, kaa nikujibu vizuri.

Kwanza tumeshinda, sibishi. Vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, magari ya wagonjwa, wakunga kupewa mafunzo, hivyo viko na watu wanavijua. Lakini 104 yetu ni ya utafiti wa kaya, na 355 ya Kenya ni ya sensa, miaka tofauti, njia tofauti ya kuuliza. Wapo waliojaribu kuziweka nchi kwenye mizani moja: mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa makadirio yao ya mwaka 2020, waliipa Tanzania 238 na Kenya 530. Kwa makadirio hayo bado tulikuwa mbele, tena kwa mbali. Ila 238 na 104 si namba moja, na sikumbuki habari ya huku iliyoziweka zote mbili pamoja ikamweleza msomaji kwa nini zinapishana. Ushindi wa kweli haudhuriki kwa kuelezwa.

Ulinganisho mzuri upo, tunausahau tu. Uwezo, ule mpango wa Twaweza, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, wanampa mtoto jaribio la darasa la pili, asome hadithi fupi, afanye hesabu ndogo. Nchi zote tatu zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawaliwezi. Kenya kwa jumla ilikuwa mbele. Lakini ndani ya kila nchi pengo la wilaya na wilaya lilikuwa kubwa ajabu, kiasi kwamba ukitaka kujua mtoto atasoma au hatasoma, kumuuliza pasipoti yake hakutoshi, muulize wilaya yake na mamake kasoma hadi wapi. Nairobi ikatoka na "Kenya yaongoza". Sisi tukakasirika. Mtoto wa Turkana na mtoto wa kijijini kwetu waliokwama kwenye sentensi ile ile hawakupata kichwa cha habari.

Na tulichofanya na namba baada ya hapo mnakijua. Septemba 2018 Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali. Benki ya Dunia ikalalamika, Juni 2019 ikarekebishwa tena. Profesa Assad, CAG, akazungumzia udhaifu wa Bunge, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Unalinganishaje huduma na jirani wakati mtu wa kushika rula anatafutiwa kosa?

Kenya nako si malaika, nisije nikaonekana nawapamba. Januari 2018 serikali yao ilizima televisheni kubwa kwa sababu ya kiapo cha Raila. Machi 2024 ikaagiza matangazo ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Gazeti linalosubiri tangazo la serikali halihitaji kufungiwa.


#8

Mimi nafanya biashara ya vitunguu, mizigo inapita Namanga na Holili. Nyie mnaongelea reli na takwimu, mimi naongelea malipo. Kule karibu kila kitu cha serikali ni eCitizen, mtandao wao wa huduma za serikali, namba moja ya malipo, 222222. Raha kabisa hadi Julai 2023 walipovamiwa na wadukuzi, mfumo ukalala, na vyote vikalala nao: viza, leseni, hadi tiketi za treni zikasumbua. Huku unapewa kontroo namba, namba ya bili yako ya serikali, unalipia popote, benki au simu. Hiyo kontroo namba ni kitu kizuri mno na sijawahi kuona mtu anaisifia gazetini. Kwa sababu hakuna utepe wa kukata.


#9

Huduma Centre je? Walianza Novemba 2013 pale Posta Nairobi, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyote chini ya paa moja. Sisi tukaja na Huduma Pamoja miaka kadhaa baadaye, kwenye majengo ya Posta vile vile. Mtu wa mkoani aliyewahi kuhudumiwa pale atuambie.


#10 (yule wa Kajiado)

Huduma Centre ni nzuri, hapo sina maneno. Foleni inasonga. Lakini karatasi ya maombi ndiyo inasonga. Pasipoti 2023 watu walikaa miezi, mashine za kuchapisha zilikuwa zimezeeka, Nyayo House, makao ya uhamiaji, ikawa aibu. Dirisha safi, nyuma ya dirisha hakuna kitu. Na hiyo pia ilisemwa kila siku kwa TV mpaka Waziri Kindiki akaenda huko mwenyewe mara kadhaa. Hapo nakubali kelele zilisaidia.


#11

Niko Arusha. Kwa nini hamjagusa umeme? Machi 2025 Rais alisema mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu kuutoa kusini hadi huku kunapoteza mwingi njiani. Mtandao ukawaka: tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, tunanunuaje? Wengine wakajibu ni biashara ya kawaida ya nchi na nchi, Kenya yenyewe inanunua Ethiopia tangu 2022. Njia ya Isinya hadi Singida ipo, nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu wa Namanga huko kwa mleta uzi.

Nimefuatilia pande zote mbili. Huku nimekuta uzalendo na kuzomeana. Kule nimekuta Kenya itapata kiasi gani kwa kupitisha. Mimi nina mashine ya kusaga, nataka kitu kimoja: uniti moja ya huo umeme tutaipata kwa bei gani mpakani, ukilinganisha na inayotoka Rufiji kwenye bwawa hilo ikiwa imeshapungukiwa njiani? Nani analo andiko la makubaliano hayo aliweke hapa?


#12 Mleta uzi

Mkuu #11, sina. Nimeuliza watu wawili wa upande wa pili, mmoja kasema atanitafutia cha EPRA, mdhibiti wao, kwa sababu bei nyingi zinazopita kwake hutangazwa. Wa EWURA, mdhibiti wetu, kama yumo humu ndani, au anayemjua wa TANESCO, asaidie. Kikipatikana kutoka nchi yoyote nitakiweka hapa hapa, kurasa zote.